Neno Refu Lina Viungo: Namna ya Kuyagawa Maneno ya Kiingereza ya Sayansi

Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi huingia Kidato cha Kwanza na kukuta masomo ya sayansi yakifundishwa kwa Kiingereza. Haupiti muda mrefu kabla hajakutana na "photosynthesis" katika Biolojia, "chromatography" katika Kemia, na "thermometer" katika Fizikia. Wengi huyakariri maneno haya kama mtu akaririvyo namba ya gari, herufi baada ya herufi, bila kujua kilichomo ndani yake. Ukariri wa namna hiyo una hasara mbili. Ya kwanza ni kwamba neno husahaulika upesi. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kwamba mwanafunzi anaweza kuliandika neno bila kosa katika karatasi ya mtihani na bado asijue linasema nini.

Mchinjaji stadi hapigi shoka popote. Hutafuta kiungo, na kisu hupita bila kutumia nguvu. Neno refu la kisayansi nalo lina viungo vyake. Tatizo ni kwamba lina viungo vya aina mbili: vile vinavyousaidia ulimi kulitamka, na vile vinavyoisaidia akili kulielewa. Mara nyingi viungo hivyo havikai mahali pamoja. Anayevitofautisha anaweza kulikabili karibu neno lolote la kisayansi. Anayevichanganya huweza kupotea, na katika mambo ya afya na ya maabara upotevu huo una hatari.

Silabi na sehemu yenye maana

Silabi ni pigo moja la sauti. Mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu tayari, maana ndiyo inayoitwa mizani katika ushairi. Anayejua kwamba mshororo wa kawaida wa shairi una mizani 16, nane katika kila kipande, amekwisha kujifunza kuhesabu silabi. Katika Kiswahili kazi hiyo ni nyepesi, kwa sababu karibu kila silabi huishia katika irabu: ba-ba, ki-ta-bu, u-fu-nda-ji. Zipo chache zinazosimama kwa konsonanti peke yake, kama "m" katika m-tu.

Sehemu yenye maana ni jambo jingine. Wanaisimu huiita mofimu. Katika neno "anapika" silabi ni nne: a-na-pi-ka. Mofimu nazo ni nne, lakini hazikatwi pale pale: a-na-pik-a. Mzizi ni "pik", na irabu ya mwisho inasimama peke yake, kwani inaweza kubadilika na kuwa "-e" katika "apike". Silabi "ka" imechukua konsonanti ya mzizi na kuiunganisha na irabu ya kiambishi. Mzungumzaji wa Kiswahili hufanya hivyo kila siku bila kufikiri: ulimi wake unakata mahali pamoja, na akili yake inakata mahali pengine.

Kiingereza hufanya vivyo hivyo. Neno la kipimajoto linaweza kuandikwa katika mistari miwili:

Kwa silabi: ther – mom – e – ter
Kwa sehemu: thermo + meter

Silabi ya pili, "mom", imechukua "mo" kutoka sehemu ya kwanza na "m" kutoka sehemu ya pili. Mwanafunzi akiitafuta maana ya "mom" hataipata, kwa kuwa haina maana yoyote hapa. Ni pigo la sauti tu. Maana imo katika mstari wa chini: "thermo" ni joto, na "meter" ni kipimo. Kadhalika "biology" hutamkwa bi-ol-o-gy, lakini imeundwa kwa "bio", yaani uhai, na "logy", yaani elimu au taaluma.

Hata wapiga chapa hawakukubaliana juu ya jambo hili. Neno linapofika ukingoni mwa ukurasa na kulazimika kukatwa, desturi ya Marekani imekuwa kufuata zaidi matamshi, na desturi ya Uingereza imekuwa kufuata zaidi asili ya neno. Ndiyo sababu neno lenye maana ya ujuzi linaweza kuonekana limekatwa "knowl-edge" katika kitabu kilichochapwa Marekani, na "know-ledge" katika kitabu kilichochapwa Uingereza. Wote wawili wana haki. Mmoja ameusikiliza ulimi, mwingine ameitazama maana.

Mstari wa juu: kugawa kwa silabi

Kanuni ya kwanza ni kuhesabu sauti, wala si herufi. Kila silabi ya Kiingereza ina sauti moja ya irabu, lakini tahajia ya Kiingereza huandika irabu ambazo hazitamkwi. Neno "oxide" lina herufi tatu za irabu, lakini silabi zake ni mbili, ox-ide, kwa kuwa "e" ya mwisho iko kimya.

Kanuni ya pili: konsonanti mbili zikikutana katikati ya irabu, kwa kawaida neno hukatwa baina yake. Hivyo hupatikana mag-net, car-bon na mer-cu-ry. Lakini herufi mbili zinazowakilisha sauti moja, kama "ph", "th", "ch" na "sh", hazitenganishwi. Ni sul-phur, si sulp-hur.

Kanuni ya tatu: konsonanti ikiwa moja tu, urefu wa irabu iliyotangulia ndio unaoamua. Irabu ndefu huachwa wazi, kama katika mo-tor. Irabu fupi hufungwa na konsonanti, kama katika met-al. Hapa sikio ndilo mwamuzi, na kamusi yenye alama za matamshi ni msaada wa lazima.

Kanuni ya nne inahusu mkazo, na ndiyo inayowasumbua zaidi wasemaji wa Kiswahili. Katika Kiswahili mkazo hukaa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kiingereza huhama. Hata hivyo, miisho mingi ya maneno ya kisayansi ina utaratibu wake. Maneno yanayoishia na "-ic" na "-tion" kwa kawaida hufuata mahali pale pale pa Kiswahili: a-TOM-ic, e-LEC-tric, ra-di-A-tion. Maneno yanayoishia na "-logy", "-graphy" na "-lysis", pamoja na majina ya ala yanayoishia na "-meter", huuvuta mkazo hatua moja nyuma, hadi silabi ya tatu kutoka mwisho: bi-OL-o-gy, chro-ma-TOG-ra-phy, e-lec-TROL-y-sis, ther-MOM-e-ter. Kanuni hizi zina mapengo yake. Kwa mfano "centimetre", ambacho ni kizio cha urefu wala si ala, hubeba mkazo mwanzoni. Pamoja na hayo, anayezijua atakuwa sahihi mara nyingi kuliko anayekisia.

Uzuri wa kanuni hii huonekana neno moja linapobadilisha mkia. "Photograph" ina mkazo mwanzoni, PHO-to-graph. Ikiongezwa "y" huwa pho-TOG-ra-phy. Ikiongezwa "ic" huwa pho-to-GRAPH-ic. Sehemu zenye maana hazikubadilika hata kidogo: "photo" ni mwanga, "graph" ni kuandika au kuchora. Kilichohama ni mapigo ya sauti.

Mstari wa chini: kugawa kwa maana

Maneno mengi ya sayansi katika Kiingereza yameundwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini. Vipande hivyo si vingi kupita kiasi, na vilevile hurudi tena na tena, hata anayevifahamu hamsini huweza kuelewa mamia ya maneno. Baadhi yake ni hivi:

hydro-: maji
thermo-: joto
photo-: mwanga
geo-: ardhi, dunia
micro-: -dogo sana
mono-: -moja
poly-: -ingi
iso-: sawa
endo-: ndani
exo-: nje
chloro-: rangi ya kijani
-lysis: kufungua, kuvunja
-scope: chombo cha kutazamia
-vore: mwenye kula
-phyll: jani
-osis: hali, mara nyingi ya ugonjwa

Kazi ya kugawa huanzia pembeni. Kwanza hutafutwa kichwa na mkia vinavyojulikana, kisha hutazamwa kilichobaki katikati. Mahali vipande viwili vya Kigiriki vinapokutana mara nyingi huwekwa irabu "o" ya kuunganishia, kama katika "electromagnet". Vya Kilatini huunganishwa mara nyingi kwa "i", kama katika "herbivore". Irabu hiyo ni kama fundo la kamba. Ikionekana katikati ya neno refu, yafaa kusimama hapo na kutazama pande zote mbili.

Hatua inayofuata ni kusoma maana kuanzia mkiani. Katika maneno ya namna hii Kiingereza huweka jambo kuu mwisho na maelezo yake mwanzo, ilhali Kiswahili hufanya kinyume. "Thermo-meter" ni "joto-kipimo", nacho Kiswahili husema "kipimajoto". "Photosynthesis" ina "photo", mwanga, "syn", pamoja, na "thesis", kuweka. Ni kuweka vitu pamoja kwa nguvu ya mwanga. Istilahi ya Kiswahili, "usanisinuru", imeundwa kwa vipande hivyo hivyo vilivyogeuzwa mpangilio: usanisi, kisha nuru. Mwanafunzi anayelijua neno la Kiswahili kwa kweli amekwisha kulijua neno la Kiingereza; kilichobaki ni kuuona mlango.

Neno "darubini" ni ushahidi mwingine. Limetoka katika Kiajemi, ambamo "dur" ni mbali na "bin" ni kuona. "Telescope" nayo ina "tele", mbali, na "scope", kutazama. Lugha mbili zisizoazimana neno ziliazimana wazo.

Wakati mwingine ndani ya neno la kutisha mnakaa jamaa wa karibu. "Polysaccharide" hutamkwa pol-y-sac-cha-ride, na "ch" yake husikika kama "k". "Poly" ni nyingi. "Sacchar" ni sukari kwa Kigiriki. Neno hilo la Kigiriki na neno la Kiswahili "sukari", lililopitia Kiarabu na Kiajemi, yote mawili yana asili yake India ya kale. Basi wanga unaposemwa kuwa ni "polysaccharide", kinachosemwa ni kwamba umefanyika kwa vipande vingi vya sukari vilivyoungana. Huo ndio muundo wake hasa.

Neno la herufi 45

Kamusi kubwa za Kiingereza zina neno moja ambalo walimu hupenda kulitumia kama mtihani wa ulimi: "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis". Lina herufi 45 na silabi 19, yaani lina mizani tatu zaidi ya mshororo mzima wa shairi. Kwa anayelitazama bila kulikata ni ukuta. Kwa anayelikata ni safu ya vyumba.

Kwa silabi: pneu-mo-no-ul-tra-mi-cro-scop-ic-sil-i-co-vol-ca-no-co-ni-o-sis
Kwa sehemu: pneumono + ultra + micro + scop + ic + silico + volcano + coni + osis

"Pneumono" ni mapafu. Herufi "p" haitamkwi, na Kiswahili, kinachoandika kama kinavyotamka, kiliiacha kilipolichukua neno la jamaa yake, "nimonia". "Ultra" ni kupita. "Microscopic" ni -dogo kiasi cha kuhitaji hadubini. "Silico" ni silika, madini yaliyomo kwa wingi katika mchanga na katika miamba mingi. Asili yake ni neno la Kilatini la jiwe gumegume. "Volcano" ni mlima wa moto, kutokana na jina la mungu wa moto wa Warumi. "Coni" ni vumbi kwa Kigiriki, na "osis" ni hali ya ugonjwa. Likisomwa kuanzia mkiani, neno lote linasema: ugonjwa wa vumbi la volkano lenye silika, laini kupita upeo wa hadubini, katika mapafu.

Neno hili halikuzaliwa hospitalini. Liliundwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, National Puzzlers' League, kwa kuiga urefu wa maneno ya waganga. Gazeti la New York Herald Tribune lililiandika tarehe 23 Februari mwaka huo, na tangu hapo likaingia katika kamusi. Ni neno la mchezo.

Lakini vipande vyake si vya mchezo. Kikitolewa "pneumono" na "coni" na "osis" hupatikana "pneumoconiosis", jina halisi la magonjwa ya mapafu yatokanayo na vumbi, ambalo umbo lake la mwanzo lilitumiwa na mganga Mjerumani Friedrich Albert von Zenker katika miaka ya 1860. Vikitolewa "silico" na "osis" hupatikana "silicosis", jina lililotumiwa na Achille Visconti wa Italia mwaka 1870. Huo ni ugonjwa unaowapata wachimbaji wa madini, wapasua kokoto na wachonga mawe. Chembe kubwa za vumbi hunaswa puani na kooni. Zilizo hatari ni zile ndogo kuliko mikromita 10, ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja. Zikifika ndani kabisa ya mapafu huyatia makovu. Makovu hayo hayaponi, na mwenye ugonjwa huo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele inayovutwa pumuni katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kinga iko wazi kwa anayeelewa sehemu zile mbili, jiwe na vumbi: kulowesha mwamba kwa maji wakati wa kutoboa na kupasua ili vumbi lisipae, kupitisha hewa safi katika shimo, na kuvaa kizuia vumbi kinachofaa, maana kitambaa cha kawaida hakizuii chembe laini. Kijana aliyekariri "silicosis" kama namba ya gari hatakuwa na la kumwambia ndugu yake anayefanya kazi machimboni. Aliyelikata kwenye kiungo atakuwa nalo.

Kiungo kilichokosewa

Watu wanaweza kulikata neno mahali pasipo kiungo, na hata hivyo lugha ikaendelea. Neno "helicopter" lilitoka katika Kifaransa, ambako liliundwa na Gustave de Ponton d'Amécourt mwaka 1861 kwa kuunganisha "helico", yaani mzunguko kama wa parafujo, na "pter", yaani bawa. Lakini ulimi hutamka hel-i-cop-ter, na masikio ya wengi yakasikia "heli" na "copter". Kutokana na mkato huo usio wa asili likaundwa neno "heliport", kiwanja cha helikopta. "Hamburger" nayo ni jina litokanalo na mji wa Hamburg, Ujerumani. Wasemaji wa Kiingereza wakasikia "ham", nyama ya nguruwe, wakakata hapo, wakaunda "cheeseburger" na nyinginezo.

Kiswahili nacho kimefanya hayo. "Kitabu" ni neno la Kiarabu, na konsonanti zake za asili ni k, t, b, zile zile za "katibu". Herufi "k" ni sehemu ya mzizi. Lakini Waswahili waliposikia "ki" mwanzoni walidhani ni kiambishi kama cha "kiti", wakasema "vitabu". Leo hakuna anayeweza kusema kwamba "vitabu" ni kosa. Lugha ina ruhusa hiyo.

Sayansi haina ruhusa hiyo. Juu ya chupa ya kemikali huweza kuandikwa "inflammable". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "in-" maana yake ni "si", kama katika "insoluble", isiyoyeyuka, atalikata neno hilo na kusoma: isiyoshika moto. Maana ya kweli ni kinyume kabisa. "In-" ya hapa imetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha, na chupa hiyo, ambayo yaweza kuwa na ethanoli, hushika moto upesi. Kwa ajili ya hatari hiyo, katika karne ya 20 watu wa bima na wa zimamoto walihimiza litumike neno "flammable" peke yake. Maneno hayo mawili yana maana moja. Kisichoshika moto huitwa "non-flammable".

Mfano wa pili hutoka hospitalini. "Hypo-" ni chini, "hyper-" ni juu. "Glyc" ni sukari, na "-aemia" huhusu damu. Hivyo "hypoglycaemia" ni sukari kushuka mno katika damu, na "hyperglycaemia" ni sukari kupanda mno. Maneno hayo yana silabi sita kila moja, na yanayosikika haraka hufanana. Lakini mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka, akiwa bado anaweza kumeza, husaidiwa kwa kupewa kitu chenye sukari, ilhali kwa yule ambaye sukari yake imepanda, kufanya hivyo ni kumwongezea tatizo. Tofauti yote imo katika kiungo cha kwanza cha neno.

Sehemu si ushahidi

Baki onyo moja. Sehemu za neno hueleza walichofikiri waliolitunga. Hazithibitishi kwamba walifikiri sawa. "Atom" maana yake ni kisichokatika, lakini mwaka 1897 J. J. Thomson alionyesha kwamba ndani ya atomu mna elektroni. "Oxygen" maana yake ni kizaacho asidi. Lavoisier aliichagua akiamini kwamba kila asidi ina oksijeni, na baadaye Humphry Davy akaonyesha kwamba asidi ya hidrokloriki haina.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki ni "malaria". Neno hili ni la Kiitaliano, "mala aria", hewa mbaya. Watu waliona kwamba homa huwapata wakaao karibu na vinamasi, wakailaumu harufu ya vinamasi. Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross aliviona vijidudu vya malaria katika tumbo la mbu aina ya Anopheles, na mwaka uliofuata akaonyesha kwa ndege jinsi mbu wanavyoueneza ugonjwa wa namna hiyo. Kinamasi kilikuwa na hatia kweli, lakini kwa sababu ya mbu wanaozaliana humo, si kwa sababu ya hewa. Aliyeamini sehemu za neno alifunga dirisha dhidi ya harufu. Aliyechunguza jambo lenyewe alitafuta chandarua.

Kwa hiyo kugawa neno ni mwanzo wa kuelewa. Baada ya mistari miwili, ya silabi na ya sehemu, panahitajika hatua ya tatu: kukilinganisha kinachosemwa na neno na kitu chenyewe, kwa jaribio, kwa kitabu, au kwa kumwuliza mwalimu.

Katika darasa

Mwalimu hahitaji chombo chochote cha ziada. Kila neno jipya linapotokea anaweza kuliandika ubaoni katika mistari miwili, silabi juu na sehemu chini. Darasa hulitamka kwa mstari wa juu, likipiga makofi kwa kila silabi na kofi zito zaidi penye mkazo. Kisha wanafunzi huulizwa, kwa mstari wa chini, ni wapi wamewahi kukutana na kipande kile. Aliyejifunza "hydro" katika "hydrogen", gesi ambayo ikiungua hutoa maji, atalitambua katika "hydrolysis" bila kusaidiwa. Daftari dogo la vipande, likiongezewa vitatu au vinne kila juma, kufikia mwisho wa mwaka litakuwa na zaidi ya mia moja. Hapo neno geni halitaonekana tena kama ukuta.

Zoezi

Yagawe maneno yafuatayo kwa silabi na kwa sehemu, kisha eleza maana yake kwa Kiswahili: 1. electrolysis, 2. herbivore, 3. chlorophyll, 4. isotherm, 5. exothermic.

Majibu

1. e-lec-trol-y-sis, electro + lysis: kuvunja kiwanja cha kikemia kwa nguvu ya umeme.
2. her-bi-vore, herb + i + vore: mnyama mwenye kula majani na mimea.
3. chlo-ro-phyll, chloro + phyll: rangi ya kijani ya majani. Neno "kijani" lenyewe limetokana na "jani".
4. i-so-therm, iso + therm: mstari katika ramani unaounganisha mahali penye joto sawa.
5. ex-o-ther-mic, exo + therm + ic: badiliko la kikemia linalotoa joto nje.